Kasi Uliyolipia Inapotelea Wapi? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Intaneti ya Nyumbani

Barua tatu tulizochagua mwezi huu zina lalamiko moja, nalo ni intaneti ya nyumbani isiyokwenda kwa kasi iliyolipiwa. Tunaanza na iliyo fupi kuliko zote, kwa sababu jibu lake litahitajika katika hiyo inayofuata.

Swali: Nimelipia kifurushi cha 20 Mbps, lakini kila nikipakua faili kompyuta yangu inaonyesha 2.4 na haizidi hapo. Je, ninapunjwa? (Msomaji, Morogoro)

Hupunjwi, ndugu yangu. Kampuni huuza kasi kwa megabiti kwa sekunde (ndizo Mbps), ilhali programu nyingi za kupakulia huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawanya 20 kwa 8 utapata 2.5, na hicho kidogo kinachopungua hutumiwa na maelezo ya anwani ambayo kila kipande cha data hulazimika kuyabeba. Tazama herufi inayofuata namba: b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti. Kama ungekuwa umeona 2.4 yenye b ndogo, jibu langu lingekuwa tofauti kabisa.

Swali: Assalaam alaykum. Ninaishi na familia yangu Mji Mkongwe, Zanzibar, katika nyumba ya zamani ya ghorofa tatu. Ruta imefungwa chini, karibu na mlango, na tumelipia faiba ya 20 Mbps. Asubuhi tunaridhika, lakini baada ya sala ya Isha kila kitu hukwama. Binti yangu, anayesoma shahada kwa njia ya mtandao, analala chumba cha juu kabisa, na huko Wi-Fi huonyesha kistari kimoja au hupotea. Nilipompigia mtoa huduma niliambiwa ninunue kifurushi cha 40. Je, nilipe? (Mwalimu wa sekondari)

Waalaykum salaam, Mwalimu. Usilipe bado. Barua yako ina matatizo mawili yanayofanana kwa dalili lakini yasiyo na asili moja. Kifurushi kikubwa hakitalitibu hata kidogo lile la chumba cha binti yako, na lile la usiku huenda kisilitibu pia. Inanisikitisha kuona mteja akishauriwa kuongeza malipo kabla ya mtu yeyote kupima chochote nyumbani kwake, kwa hiyo tuanze na kipimo.

Tafuta waya wa mtandao, ule wenye kichwa cha plastiki kinachofanana na cha simu ya mezani ila kipana zaidi, uunganishe kompyuta moja kwa moja na ruta, uzime Wi-Fi ya kompyuta hiyo, kisha ufungue tovuti ya kupimia kasi. Fanya hivyo saa 11 alfajiri, nyumba ikiwa bado imelala, na tena saa 3 usiku, kwa siku tatu mfululizo, ukiandika kila namba katika daftari pamoja na saa yake. Usiku pima mara mbili: kwanza watu wakiendelea na shughuli zao kama kawaida, halafu baada ya kuwaomba wote wazime Wi-Fi za simu na televisheni kwa dakika tano. Waya ni wa lazima katika kipimo hiki, kwa maana ukipima kwa simu ukiwa chumbani utakuwa umepima faiba, ruta, kuta na simu yenyewe kwa mkupuo mmoja, na namba utakayoipata haitakuambia ni kipi kati ya hivyo kilicho na kasoro.

Kama alfajiri waya unaonyesha kasi iliyo mbali sana na 20, kosa liko kwenye laini au kwenye mipangilio ya kampuni, pengine uzi wa faiba umekunjwa penye kona au kiungio chake kimeingia vumbi, na hapo ni haki yako fundi aje bila kukuuzia kitu. Kama kasi ya usiku ni ndogo hata baada ya vifaa vyote kuzimwa, basi msongamano uko nje ya nyumba yako. Katika mfumo wa faiba unaotumika sana majumbani, uitwao GPON, uzi mmoja wenye uwezo wa takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde hugawanywa kwa nyumba nyingi, aghalabu 32 au 64, na ukitoka mtaani mzigo wa mitaa kadhaa hukutana katika njia nyingine ya pamoja. Baada ya Isha, majirani wote wakiwa wamerudi na televisheni zimewashwa, njia ambayo kampuni haikuipanua hujaa. Kununua 40 katika njia iliyojaa hakuongezi nafasi njiani. Peleka namba zako kwa kampuni kwa maandishi, ukitaja tarehe na saa, na wasipokujibu ipasavyo upeleke lalamiko TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ina ofisi Zanzibar.

Hata hivyo, ninachokishuku zaidi ni hali ya tatu, yaani kwamba usiku huohuo, vifaa vikizimwa, kasi hurudi kuwa 20. Familia inaporejea nyumbani jioni, simu za watu wote hukutana na Wi-Fi kwa wakati mmoja na kuanza kupakia kimyakimya picha na video za mchana kwenye hifadhi za mtandaoni, bila mtu kugusa kitufe chochote. Watu hudhani kwamba kupakia hakuhusiani na kupakua, lakini kompyuta inayopakua hulazimika kutuma taarifa fupi fupi za kukiri kwamba kila fungu limefika, na taarifa hizo hupita katika njia ileile ya kupakia. Njia hiyo ikijaa picha, taarifa hupangwa foleni ndani ya ruta, seva ya upande wa pili hungoja, na filamu husimama ingawa njia ya kupakua ina nafasi tele. Unaweza kuthibitisha jambo hili mwenyewe: fungua dirisha la amri katika kompyuta, andika ping 8.8.8.8, na utazame milisekunde zinazoonyeshwa, yaani muda wa ujumbe mfupi kwenda kwenye seva ya mbali na kurudi. Kisha mwombe mmoja wa wanao apakie video ndefu, na uirudie amri hiyo. Kama namba inaruka kutoka makumi hadi mamia, umeshamwona mkosaji.

Tiba yake haina gharama. Katika kila simu, ruhusu uhifadhi wa picha ufanyike usiku wa manane tu, wakati simu iko kwenye chaji, na kama simu haina chaguo hilo, uzime uhifadhi wa kujiendesha na kila mtu apakie picha zake mwenyewe kabla ya kulala. Ruta nyingi pia zina sehemu ya kugawa kasi kwa kila kifaa, ambapo unaweza kuweka kikomo cha kupakia kilicho chini kidogo ya uwezo wa laini ili foleni isijengeke. Ukiwa humo, badilisha nenosiri la Wi-Fi na uhakikishe kuwa ulinzi uliochaguliwa ni WPA2 au WPA3, maana mara nyingi nenosiri la zamani huwa limeshafika baraza zote za mtaa.

Sasa chumba cha juu. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingi zikiwa na unene wa nusu mita na zaidi, na mawimbi ya redio yanayovuka ukuta mmoja wa aina hiyo hutoka upande wa pili yakiwa yamedhoofika sana. Ruta za siku hizi hurusha mawimbi ya namna mbili. Yale ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini huchoka upesi yakikutana na ukuta, na yale ya gigahezi 2.4 hupenya vizuri zaidi ila nafasi yake ni finyu: chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, na katika vichochoro ambamo nyumba zimebanana hivyo, ruta za majirani hugombea chaneli hizo tatu. Kuinua ruta yako kutoka sakafuni na kuiweka mbali na kioo kikubwa, kabati la chuma, jokofu au tangi la maji kutasaidia kidogo, lakini ghorofa tatu bado zitabaki kuwa ghorofa tatu.

Ninachokushauri ni kupandisha waya wa Cat5e kutoka kwenye ruta hadi juu, ukifuata ngazi, na kufunga huko kituo cha pili cha kurushia Wi-Fi. Waya huo hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, kwa hiyo binti yako atapata kasi karibu sawa na ya mtu aliyekaa sebuleni. Usishawishike na vile vifaa vya bei nafuu vinavyochomekwa ukutani ili kurudia mawimbi bila waya, kwa kuwa chenye redio moja hupokea na kurusha kwa zamu katika chaneli ileile, na takriban nusu ya kasi hupotelea hapo. Wala usiruhusu fundi atoboe ukuta au apitishe waya nje ya nyumba kabla ya kuuliza mamlaka ya uhifadhi, kwa kuwa mji huo umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Kuta hizo zimewakinga watu na joto kwa vizazi vingi, nami ningeona uchungu kusikia kwamba zimetobolewa kwa ajili ya waya unaoweza kupita ngazini.

Swali: Mei 2024 intaneti yetu ilizorota kwa siku kadhaa, nikanunua ruta mpya bila mafanikio. Nitajuaje siku nyingine kwamba kosa haliko kwangu? (Msomaji, Mombasa)

Pole kwa hasara hiyo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikaathirika kwa pamoja. Dalili ya tatizo la aina hiyo ni kwamba tovuti zinazohifadhiwa humu nchini hufunguka kama kawaida, kwa kuwa data zake hubadilishana njia Nairobi au Mombasa bila kuvuka bahari, huku zile za ng'ambo zikijikokota. Ping nayo itakusaidia. Nuru husafiri ndani ya faiba takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za waya huongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Andika leo, laini ikiwa nzima, muda wa kufikia tovuti moja ya Kenya na moja ya Ulaya. Siku ambayo ule wa Kenya haujabadilika na ule wa Ulaya umepanda maradufu, data zako zimezungushwa njia ndefu, na hakuna ruta dukani itakayoifupisha.

Kama kazi yako haiwezi kusubiri, weka akiba laini ya simu ya kampuni nyingine, lakini waulize kwanza wanatoka nchini kwa waya upi. Mombasa ina bahati ya kuwa na zaidi ya mmoja: TEAMS, uliofika mwaka 2009, unaelekea Fujairah katika Falme za Kiarabu, njia tofauti na ile ya kusini iliyokatika. Laini mbili zinazotegemea waya mmoja wa baharini zitazorota siku moja.