Kulipia mboga kabla hazijapandwa

Ndugu, umeuliza kama ni busara kumlipa mkulima wa Hombolo fedha za msimu mzima ili akuletee kapu la mboga kila wiki. Nakushauri ujiunge, ila kwanza uende shambani ukaone maji yanatoka wapi, tena uyaonje, kwa kuwa maji ya chumvi hudumaza mboga, na Dodoma yetu ina msimu mmoja tu wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, kwa hiyo bustani isiyo na chanzo cha uhakika itakupa kapu jepesi ifikapo Agosti. Utaratibu huu, ambao Marekani ulianza mwaka 1986, unamtaka mwanachama agawane na mkulima mavuno pamoja na hasara. Hilo liandikwe wazi kabla hujatoa fedha. Omba kulipa kwa awamu mbili.

Uwe tayari pia kula kinacholetwa. Wakati wa kifuku, yaani msimu wa mvua, kapu langu lilijaa mlenda na mchicha wenye udongo mbichi mizizini, nyanya hakuna, nasi nyumbani tukajifunza kuanika mlenda juani kama wafanyavyo Wagogo. Mahali pa kupokelea pawe karibu nawe, maana mchicha uliochumwa alfajiri huwa umeshanyauka saa sita mchana.