Maswali na Majibu: Vidole vya mchezaji

SWALI: Kocha mmoja hapa Kizota hukagua mikono ya vijana kabla ya kuwasajili. Anadai kwamba mwenye kidole cha pete kirefu kuliko cha shahada ndiye mchezaji. Je, ni kweli? (Mzazi, Dodoma)

JIBU: Ukweli upo, ila ni mdogo kuliko anavyouchukulia. Ukigawanya urefu wa kidole cha shahada kwa ule wa kidole cha pete, unapata uwiano ambao kwa wanaume huwa mdogo kidogo, kwa wastani, kuliko kwa wanawake, na watafiti wengi huuhusisha na homoni ya testosteroni ambayo mtoto huipata akiwa bado tumboni. Mwaka 2001, John Manning na Rogan Taylor wa Uingereza walionyesha kwamba wanasoka wa kulipwa walikuwa na uwiano mdogo kuliko wanaume wengine, na waliowahi kuchezea timu za taifa walikuwa na uwiano mdogo zaidi. Hata hivyo, huo ni wastani wa kundi. Tafiti nyingi zilipojumlishwa, vidole vilieleza chini ya asilimia 10 ya tofauti za uwezo wa michezo kati ya mtu na mtu. Kumkataa mtoto kwa kigezo hicho, kabla hajagusa mpira, ni kumdhulumu.

SWALI: Nipimeje nyumbani?

JIBU: Geuza kiganja juu, upime kuanzia mkunjo wa chini kabisa wa kidole hadi nchani, bila kuhesabu kucha. Kwangu, mkono wa kulia, shahada ni milimita 70 na pete ni 73, yaani 0.96. Nilipoteleza milimita 2 tu kwenye shahada nilipata 0.99, na pengo hilo linazidi hata tofauti ya kawaida iliyopo kati ya wastani wa wanaume na wa wanawake. Basi mwenye kukadiria kwa macho pembeni mwa uwanja anabahatisha.

SWALI: Binti yangu anacheza ngumi, na vidole vyake viwili hivyo vinalingana. Aache? (Mama, Chamwino)

JIBU: Asiache, mama. Mtazame anavyohamisha miguu na anavyorudisha mkono kujikinga baada ya kurusha ngumi.

SWALI: Mazoezi hubadilisha uwiano huo?

JIBU: Hapana, mazoezi hayarefushi mfupa wa kidole. Kinachoharibu kipimo ni majeraha, kwani golikipa au mcheza raga aliyewahi kuvunjika kidole kikaunga vibaya hatoi tena kipimo cha kuaminika katika mkono huo. Muulize kwanza, kisha upime mkono mwingine.