Kabla Hujatoa Kidole Upimwe CRP

Siku hizi mzazi anafika dirishani kwangu akiwa ameshaamua: "Dokta, mpime na ile CRP." Mimi si daktari, ni mtu wa maabara kwenye zahanati hapa Dar es Salaam, ila kwetu ukishavaa koti jeupe basi wewe ni dokta. Kipimo chenyewe nakipenda. Tone la damu ya kidole, dakika chache, namba imetoka. Tatizo ni kwamba namba hiyo inajibu swali dogo, na watu wanaibebesha maswali makubwa.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapoingia kwenye mapambano: maambukizi, jeraha, upasuaji, hata baridi yabisi. Iligunduliwa New York mwaka 1930 kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Kwa mtu mzima asiye na shida huwa chini ya 5 au 10 mg/L (miligramu kwa lita ya damu), inategemea maabara. Maambukizi makali ya bakteria huipandisha juu kuliko virusi vingi, na hapo ndipo inapomsaidia daktari kuamua kama antibiotiki inahitajika. Haimwambii bakteria yuko wapi wala ni yupi. Anayetaka CRP imjulishe kama ana UTI au taifodi anapoteza hela yake.

Homa ikiwa ndiyo iliyokuleta, malaria ipimwe kwanza. Hapa huwa siyumbi. Malaria peke yake inapandisha CRP vizuri tu, kwa hiyo mtoto mwenye vimelea na CRP ya 90 hajathibitishiwa bakteria yoyote. Nimeona watu wakiruka kipimo cha malaria kwa sababu "mbu siku hizi hakuna mtaani kwetu", kisha wanakuja na CRP ya juu na mfuko wa antibiotiki.

Jambo la pili ni saa, na hili ndilo wengi hawalifikirii kabisa. Protini hii haipandi papo hapo. Inaanza kuonekana baada ya saa 6 hadi 12 hivi, na inafika kileleni siku ya pili au kuelekea ya tatu. Mtoto aliyeanza kuchemka saa kumi alfajiri, ukamleta saa mbili asubuhi, anaweza kupata 8 na ugonjwa ndiyo kwanza unajipanga. Kwa hiyo mwambie mpimaji homa ilianza lini, na umwombe aandike saa ya kupima kwenye cheti. Chanzo kikidhibitiwa namba hushuka haraka, inapungua nusu kwa muda usiofika siku nzima. Ndiyo maana mimi huamini zaidi vipimo viwili vilivyopishana siku moja au mbili kuliko kimoja kilichotoka kikubwa. Nakumbuka bibi mmoja mwenye nimonia aliyekuwa anaendelea kukohoa vibaya, wanawe wakitaka abadilishiwe dawa. Namba ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu, daktari akawaambia dawa iendelee ile ile. Kikohozi huwa kinachelewa kuondoka.

Je, kipimo kinapunguza antibiotiki kweli? Kikitumika na mpango, ndiyo. Hapa hapa Dar, kati ya Desemba 2014 na Februari 2016, watafiti walifuatilia watoto zaidi ya 3,000 wa chini ya miaka mitano kwenye kliniki tisa. Wahudumu waliotumia mfumo wa kompyuta kibao wenye CRP na vipimo vingine vichache waliandika antibiotiki kwa watoto kama asilimia 11. Kundi lililofuata mwongozo mwingine wa kielektroniki bila CRP lilifika karibu asilimia 30, na kwenye huduma ya kawaida ilikuwa kama asilimia 95. Watoto waliopewa dawa chache hawakupona vibaya zaidi. Walioshindwa kupona walikuwa wachache kuliko kundi la pili. Ila angalia: hapo CRP ilikuwa ndani ya mpango, pamoja na kuhesabu pumzi, kupima oksijeni na kumwangalia mtoto mwenyewe. Haikununuliwa dirishani peke yake.

Na mipaka ya kutoa antibiotiki hutofautiana. Utafiti huo ulitumia 80 kwa watoto. Mwongozo wa 2014 wa NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, kwa watu wazima wenye maambukizi ya kifua ambao haijaeleweka kama ni nimonia, ulisema chini ya 20 usitoe antibiotiki kwa mazoea, juu ya 100 toa, katikati fikiria cheti cha kusubiri, yaani dawa ichukuliwe hali ikizidi. Namba ya jirani yako basi si kipimo cha ugonjwa wako. Halafu soma kizio: 10 kwa mg/L ni sawa na 1 kwa mg/dL. Nimeletewa cheti cha hospitali nyingine kinachosema 6, familia imetulia, kumbe ni mg/dL, yaani 60. Na kama cheti kimeandikwa "chanya" tu, uliza namba. Baadhi ya maabara bado zinatumia kipimo cha kuangalia chembe zikishikana kwenye kioo, ambacho hakitoi namba kamili.

Mtoto anayekataa kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au anayelala na haamki vizuri, usisubiri namba yoyote. Nenda hospitali. CRP ya 5 haimwokoi mtoto huyo.

ESR, kipimo cha kasi ya chembe nyekundu za damu kuzama kwenye mrija, ni habari nyingine. Inachukua saa nzima, upungufu wa damu na ujauzito vinaipandisha, na inabaki juu kwa wiki kadhaa. Inafaa kwa mambo ya muda mrefu kama magonjwa ya viungo. Usizilinganishe hizo mbili.

Kuhusu kidole chenyewe: pasha mkono joto, spiriti ikauke, tone la kwanza lifutwe, na mpimaji asikikamue kama anakamua ndimu, maana maji ya mwilini yanachanganyika na damu. Kaseti nyingi, yaani vile vibao vya plastiki vya kupimia, zinatakiwa zikae chini ya nyuzi 30, na mchana wa Februari hapa mjini unazipita. Ukiona boksi limekaa dirishani juani, una haki ya kuomba lingine, na kusoma tarehe ya kuisha kabla hajakuchoma.