Mafuriko yameondoka na mazao: maswali yenu kuhusu mkopo wa dharura wa Marekani

Safu hii ni ya wakulima wetu walioko Marekani: waliotoka Kongo, Burundi, Somalia, Kenya na Tanzania, ambao leo wanalima Vermont, Maine, Kentucky, Idaho na kwingineko. Maswali ya safari hii yote yanahusu jambo moja. Maji yamepita shambani, sasa inakuwaje?

SWALI: Nimekodi shamba dogo kando ya mto Winooski. Nalima mchicha, bilinganya chungu na mahindi ya kuuza sokoni. Maji yalilala juu ya mboga. Jirani ananiambia serikali inatoa pesa. Ni kweli nitalipwa? (Mama mkulima, Burlington, Vermont)

JIBU: Pole sana, mama. Bonde la Intervale lilizama Julai 2023, na Julai 2024 Vermont ikapigwa tena tarehe zile zile, kwa hiyo si wewe peke yako. Kwanza, mboga iliyoguswa na maji ya mafuriko usiipeleke sokoni hata ukiiosha mara ngapi. Maji yale yamepita vyooni na kwenye matangi ya mafuta, na mamlaka ya chakula inaihesabu mboga hiyo kuwa haifai kuliwa. Ila usiifukie kabla hujaipiga picha tuta kwa tuta na kuandika tarehe. Ile mboga iliyooza ndiyo ushahidi wako.

Sasa hizo pesa. Jirani yako amechanganya vitu viwili. Upo msaada usiorudishwa, na upo mkopo wa dharura wa Idara ya Kilimo, unaotolewa na FSA, yaani Shirika la Huduma za Kilimo lililo chini ya idara hiyo, lenye ofisi katika kaunti nyingi. Mkopo ni deni, mama. Utaurudisha pamoja na riba, mvua inyeshe isinyeshe. Mwaka 2024 riba yake ilikuwa 3.75% kwa mwaka, na katika ukame mkubwa wa 2012 iliwahi kushushwa kutoka 3.75% hadi 2.25%. Benki nyingi hazifiki huko chini. Kiwango cha juu ni dola 500,000, lakini usiishike namba hiyo kichwani. Huwezi kukopa zaidi ya hasara uliyoipata kweli, na busara ni kukopa chini ya hapo.

Pesa hiyo inaruhusiwa kununua upya vitu vya lazima vilivyoharibika, kulipia gharama za kilimo za mwaka wa janga, kulisha familia wakati shamba halizalishi, kupanga upya shughuli za shamba, na kulipa baadhi ya madeni ya zamani. Hasara ya mazao, mifugo au vifaa kwa kawaida hulipwa kwa mwaka 1 hadi 7. Ya ardhi na majengo hufika miaka 30, na mara chache 40.

Ushauri wangu: kabla hujajaza fomu, kaa na daftari lako la mauzo ya mwaka uliokuwa mzuri. Toa gharama, toa matumizi ya nyumbani, uone kinachobaki. Marejesho ya mwaka yasizidi hicho. Kama daftari halipo, lianze leo, kwa sababu afisa wa mikopo atakuuliza hayo hayo.

SWALI: Ni nani hasa anayekubaliwa? Mimi bado si raia. (Mkulima, Lewiston, Maine)

JIBU: Anza na kaunti yako. Lazima iwe imetangazwa kuwa eneo la janga, na Rais au na Waziri wa Kilimo. Waziri huweza kuitangaza pale angalau zao moja linapopungua kwa 30% au zaidi katika kaunti hiyo. Kwa ukame kuna njia ya haraka: ramani ya taifa ya ukame ikionyesha ukame mkali kwa wiki 8 mfululizo msimu wa kilimo, tangazo hutoka. Kaunti zinazopakana nayo huingia pia, kwa hiyo usikate tamaa ukiona jina la kaunti ya jirani tu.

Tangu siku ya tangazo una miezi 8 ya kuomba. Wengi huipoteza miezi hiyo wakisubiri kusikia kwa watu.

Wewe mwenyewe uwe tayari unalima kibiashara, uwe na uwezo wa kulipa, na uwe umeshindwa kupata mkopo kwingine. Benki ikikukatalia, omba barua yao na uitunze. Kuhusu uraia, raia anakubalika, na pia mgeni anayehesabika kisheria kuwa na sifa. Sheria ya 1996 inawataja humo wenye ukaazi wa kudumu, wakimbizi na waliopewa hifadhi. Nenda na kadi au karatasi yako halisi, na mtu mzima unayemwamini akutafsirie. Mtoto wa shule asibebeshwe kazi ya kutafsiri mkataba wa deni.

SWALI: Dini yangu hainiruhusu riba. Je, niache yote? (Baba wa mbuzi na mahindi, Maine)

JIBU: Usiache, baba. Mkopo huu una riba na sijui namna ya kuiondoa, sitakudanganya. Lakini milango isiyo ya mkopo ipo, na kwa mkulima mdogo mara nyingi ndiyo bora hata kama riba si tatizo kwake.

Mbuzi, kuku au ng'ombe wa biashara wakifa kwa janga kuliko kawaida, kuna mpango wa fidia ya mifugo, LIP, unaolipa 75% ya bei ya soko. Uzio ukibomolewa au shamba likijaa magogo na mchanga, mpango wa ECP huchangia hadi 75% ya gharama, na hadi 90% kwa mkulima mwenye kipato kidogo. Usianze kusafisha kabla ya kuwaita waje kuona.

Mpango ninaotamani kila mmoja wenu aujue ni NAP. Huu ni kinga kwa mazao ambayo kampuni za bima haziyakatii bima, na mboga zetu nyingi za kiasili ziko humo. Ukipoteza zaidi ya nusu ya mavuno uliyotarajia, unalipwa kwa 55% ya bei ya wastani ya soko. Ada ni dola 325 kwa zao, lakini mkulima ambaye hajafikisha miaka 10 kwenye kilimo husamehewa ada hiyo. Lazima ujiandikishe kabla ya tarehe ya mwisho ya zao lako, maana maji yakishaingia umechelewa. Hasara itolewe taarifa ndani ya siku 15, na kwa mazao yanayochumwa kwa mkono ni saa 72. Saa 72! Piga simu hata kama bado una matope miguuni.

SWALI: Banda la plastiki nililotaka kuweka dhamana ndilo lililosombwa. (Asheville, Carolina Kaskazini)

JIBU: Kimbunga Helene cha Septemba 2024 kiliwaacha wengi hivyo. Mkopo unahitaji dhamana, lakini kama janga lenyewe ndilo lililoiharibu, FSA inaweza kuangalia uwezo wako wa kulipa. Peleka picha za banda kabla na baada, na risiti za ulivyolijenga.

SWALI: Tayari nina mkopo wa FSA na sina cha kulipa mwaka huu.

JIBU: Usijifiche. Omba awamu moja ya malipo isogezwe mwisho wa mkopo. Hapo pia ni miezi 8 tangu tangazo. Riba huendelea kuhesabiwa, lakini msimu mmoja wa kupumua unaweza kuliokoa shamba.

SWALI: Shamba letu la familia liko Rufiji, lilizama 2024. Naishi Texas, naweza kuliombea mkopo huu?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Shamba liwe Marekani na wewe ndiye unayeliendesha.

SWALI: Nilikataliwa, na nahisi ni kwa sababu ya rangi na lafudhi yangu. Nani atanisikiliza? (Kentucky)

JIBU: Hisia yako ina historia nyuma yake. Wakulima Weusi waliishtaki Idara ya Kilimo mwaka 1997 katika kesi ya Pigford kwa kunyimwa mikopo na kucheleweshwa. Makubaliano ya 1999 yalisababisha walipwe zaidi ya dola bilioni moja. Hawakunyamaza.

Nawe usinyamaze, na udai kwa maandishi. Barua ya kukataliwa lazima itaje sababu. Una siku 30 tangu uipokee kukata rufaa kwenye Kitengo cha Taifa cha Rufaa, NAD, ambacho hakiko chini ya FSA. Kwanza unaweza kuomba ofisi iliyokukatalia ipitie upya uamuzi, au mpatanishi akae kati yenu. Kila unapokwenda ofisini andika tarehe, uliyeonana naye na ulichoambiwa, kisha omba risiti ya maandishi inayoonyesha ulichoomba na ulichojibiwa.