Re: Bosi anataka lumbesa na mimi ni mzee wa kanisa

Pole ndugu yangu, nimekusoma, unamnunulia bosi viazi huku Isyonje, Mbeya, anataka mfunge lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake kwa bei ileile ya gunia moja, na Jumapili unakaa mbele kanisani. Inauma aisee.

Maandiko hapo hayazunguki. Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza kutembea na mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo, na Amosi 8:5 anawasema haohao wanaopunja kipimo. Kile kilemba cha viazi juu ya gunia, kilichoshikwa na kamba, ni jasho la mkulima halijalipwa.

Ila usimhubirie bosi mbele ya wapakiaji, atakaza shingo tu. Mfuate peke yake, mwambie mnunue kwa kilo, mzani uwe palepale shambani na mkulima asome mwenyewe, mkumbushe pia sheria ya vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100, mkikamatwa ni msala. Akigoma wapo Wakala wa Vipimo, lakini kabla hujaripoti ongea na mwanasheria au wasaidizi wa kisheria maana kibarua kinaweza kuota nyasi, na meseji zake usifute hata moja.

Unyenyekevu nao, Yohana 13 Yesu aliinama akaosha miguu ya wanafunzi wake, kwahiyo na wewe shuka kwenye kabini ya lori, shika gunia upande mmoja upakie na vijana, na malipo yao usiyacheleweshe mpaka usiku.

Mimi mahindi Mbozi nilianza kununua kwa kilo, faida ilishuka kwanza sikufichi, msimu uliofuata wakulima wakawa wananipigia wenyewe.