Maswali kwa Daktari: Bahasha iliyolala juu ya kabati

SWALI: Assalamu alaikum, Daktari. Mimi ni mwanamume wa miaka 57, mzaliwa wa Unguja na mkaazi wa Milton Keynes, Uingereza. Jumapili jioni marafiki hukutana kwangu kwa kahawa na dhumna. Mwaka jana mmoja wetu alifariki kwa saratani ya utumbo mpana, na baada ya arubaini yake ikagundulika kwamba kipimo cha choo alichotumiwa kwa posta kilikuwa bado juu ya kabati, bahasha haijafunguliwa. Mimi changu nimekwisha kukifanya. Nikiwauliza wenzangu, mmoja ananiambia nisimletee uchuro, mwingine anacheka kwamba mtu mzima hatumi choo chake kwa posta, na mzee wetu wa miaka 76 anasema alikwisha kupima zamani na hairudii adha ile. Niwaambie nini?
Mcheza dhumna, Milton Keynes

JIBU: Waalaikumu salaam, ndugu yangu, na poleni kwa msiba. Nianze na jambo ulilolipita haraka katika barua yako, nalo ni kwamba wewe umekwisha kupima. Wenzako hawakosi maelezo, kwani NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, huwaandikia barua kabla ya kuwatumia bahasha yenyewe, na ndani yake mna maelekezo yenye michoro. Wanachokosa ni mtu wa rika lao atakayewasimulia bila haya alivyofanya chooni asubuhi ile. Mwezi Machi 2000 mtangazaji wa Marekani, Katie Couric, ambaye mumewe alifariki kwa saratani hii mwaka 1998 akiwa na miaka 42, alikubali kuonyeshwa kwenye televisheni akifanyiwa kolonoskopia, yaani kuchunguzwa utumbo mpana kwa mrija mwembamba wenye kamera, na watafiti wakaona kwamba idadi ya waliokwenda kufanyiwa uchunguzi huo iliongezeka baada ya hapo.

Wewe huhitaji televisheni. Waeleze kwamba ulikinga kwa karatasi au kwa chombo cha kutupwa, kwa sababu choo hakitakiwi kugusa maji yaliyomo ndani ya bakuli. Na kwa sisi tunaotumia kopo, pana jambo ambalo maelekezo yale hayalitaji, kwamba sampuli huchukuliwa kwanza na maji hufuata. Kijiti kilichoshikamana na kifuniko cha kichupa hukwaruzwa juu ya choo, hurudishwa ndani, kifuniko hubanwa, tarehe huandikwa kwa kalamu ya wino, na bahasha ya kurudishia haihitaji stempu. Kinachosafiri ni kiasi kidogo mno ndani ya kichupa kilichofungwa, wala hakuna tarishi atakayekinusa. Acha wacheke, mradi kabla hawajaondoka uwaulize bahasha zao ziko wapi, na aliyeipoteza umweleze kwamba anaweza kuomba nyingine.

Yule wa uchuro usibishane naye. Mweleze tu kipimo kinatafuta nini. Saratani hii aghalabu huanza na kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa utumbo, ambacho huchukua miaka mingi, mara nyingi kama 10, kabla ya kugeuka saratani. Muda huo wote mwenyewe anaweza asihisi lolote, ilhali kinyama kinavuja damu chache isiyoonekana kwa macho, na damu hiyo ndiyo inayotafutwa maabara. Kinyama kikigunduliwa mapema hukatwa wakati wa kolonoskopia kabla hakijawa kitu kingine, na hata saratani yenyewe ikikutwa katika hatua ya kwanza, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 huishi miaka 5 au zaidi. Kipimo hiki kimewekwa kwa ajili ya mtu asiyeumwa.

Anayeumwa ana njia nyingine, na hapa niruhusu nitoke kidogo nje ya swali. Ikiwa yupo kati yao anayeona damu chooni, au ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa, au aliyekonda bila sababu, asingoje bahasha bali aende kwa daktari wake wiki hii. Kwetu damu ya haja kubwa karibu kila mara hupewa jina la bawasiri, mtu akatafutiwa dawa ya miti shamba, na miezi ikapita. Mara nyingi huwa ni bawasiri kweli, lakini hilo halijulikani kwa kukisia. Vilevile mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyepata saratani hii amwulize daktari mapema, hata kama hajafika miaka 50.

Wako pia wanaoogopa majibu kuliko kipimo. Kati ya watu 100 wanaorudisha kichupa, takriban 98 huambiwa kwamba hawahitaji uchunguzi zaidi kwa wakati huo. Wanaobaki hualikwa hospitali, kwa kawaida kwa kolonoskopia, na wengi wao hawakutwi na saratani. Maandalizi yake hayapendezi, kwani mtu hunywa dawa kali ya kuharisha ili utumbo uwe mtupu, na akipewa dawa ya usingizi mwepesi, hospitali hutaka awepo mtu mzima wa kumrudisha nyumbani. Waahidi sasa hivi kwamba mtu huyo utakuwa wewe.

Ama mzee wenu, ana haki ya kulalamika. Kabla ya Juni 2019 kipimo kilichotumika England kilidai sampuli za haja tatu tofauti, zipakwe kwenye kadi moja baada ya nyingine, na kadi ihifadhiwe ndani mpaka zitimie; cha sasa ni mara moja tu. Tatizo lake ni jingine: bahasha hutumwa kila baada ya miaka 2 kwa wenye umri wa miaka 50 hadi 74, kwa hiyo yeye hatatumiwa tena asipoomba mwenyewe kwa simu. Namba ya bure imo kwenye barua uliyopelekewa wewe. Mpitie siku ya kazi, ukae naye, na simu umpigie wewe ikiwa Kiingereza cha kwenye simu kinamchosha.