Gari kukata nguvu mlimani: anza na hewa na dizeli kabla ya tabo

Pole mdogo wangu. Umesema gari yako ya dizeli ilitoka Muheza vizuri, ilipoanza kupandisha Mombo kwenda Lushoto ikakata nguvu ghafla, lakini ikisimama inanguruma kama kawaida. Fundi anataka ununue tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini). Usitoe hela bado, tafadhali.

Ilitoa moshi mweusi? Kama ndiyo, mafuta yapo, hewa ndiyo haba. Injini ikipoa, pitisha mkono kwenye mipira mikubwa itokayo kwenye tabo, hasa kwa chini ambako jicho halifiki. Mpira uliochanika mara nyingi huwa umelowa oili, na mtu akikanyaga mafuta unasikia upepo ukifoka. Chujio la hewa nalo litazame.

Kama moshi haukuwepo, mimi nashuku dizeli. Fungua koki ya chini ya filta ya dizeli, kinga kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache dakika 10. Maji hukaa chini, dizeli juu. Mwaka jana hapa Tanga nilikinga kwenye gari yangu, karibu robo chupa ikawa maji matupu! Filta mpya na kusafisha tenki vikamaliza kazi, tabo haikuguswa.

Taa ya injini ikiwaka, pima kwa mashine ya kusoma hitilafu kabla hujachomoa betri. Kompyuta ya gari hupunguza nguvu makusudi kuilinda injini, na ukichomoa, kumbukumbu ya hitilafu inaweza kufutika. Ila ikiwaka ya oili au joto likapanda, paki pembeni uzime hapo hapo.